Jibini ya Mbuzi ya Mikoa Minne

Kwenye ukumbi wa soko, ukiingia kwa mlango wa nyuma na kuwapita wauza mayai na yule mnoa visu mwenye kikohozi, ulikuwa unafika kwenye kaunta ya vigae vyeupe ambako mwanamke mnene kiasi, mwenye miwani ya kufunga na kamba shingoni, aliuza jibini ya mbuzi. Wazazi wake walimpa jina zuri tu, lakini pale sokoni hakuna aliyelijua. Wote walimwita Mama Ramani.

Jina hilo lilitokana na ramani kubwa iliyotundikwa ukutani nyuma yake. Aliiokota siku shule ya jirani ilipokuwa inatupa vitu vyake vichakavu. Jua lilikuwa limeila rangi yote, maandishi yamefutika, na hakuna mtu aliyeweza kusema ni ramani ya nchi gani, au hata kama ilikuwa imetundikwa kichwa juu au miguu juu. Kwa kazi aliyokusudia Mama Ramani, ramani bora kuliko hiyo isingepatikana. Alichukua kalamu nene ya wino mwekundu, akachora miduara minne mahali mkono ulipotua, akaandika: Mlimani, Jangwani, Bondeni, Msituni. Mteja akiuliza kipande hiki kimetoka wapi, anaonyeshwa kwa ncha ya kisu.

Ukweli ni kwamba jibini yote ilitoka mahali pamoja. Ilitoka kwenye jiko la wifi yake, nyuma ya karakana ya mabati, mahali ambapo mtu asiye na haraka angefika kwa miguu kabla miguu haijachoka.

Sasa, mtu asidhani Mama Ramani alikuwa tapeli wa kuzaliwa. Alikuwa mtu wa maneno, basi. Kabla ya jibini aliwahi kuuza vitambaa kwenye duka la watu, na huko ndiko alikojifunza kwamba kitambaa kisicho na jina hulala rafuni mpaka kiliwe na nondo. Kulikuwa na robota la rangi ya kijivu iliyopauka, limekaa dukani tangu enzi za tajiri wa kwanza. Akaliita rangi ya alfajiri, na wiki haikuisha kabla halijaisha. Alipoolewa na Kinyozi, mwanamume ambaye naye alinyoa kwa mkono na kusimulia kwa mdomo bila kimoja kusubiri kingine, watu walisema katika nyumba ile hata redio ilikuwa inasubiri zamu yake.

Kinyozi alikuwa na dada mmoja, mkubwa wake, mwanamke mrefu wa maneno machache. Huyo ndiye Wifi. Alifuga mbuzi kwenye uwanja mdogo nyuma ya karakana, na kila asubuhi, wakati mafundi wanaanza kugonga mabati yao, yeye alikuwa keshakamua, keshachuja, keshatia dawa ya kugandisha. Maziwa yakishashikana aliyakata kwa kisu kirefu, akayamimina kwenye vitambaa, akavifunga na kuvining'iniza juu ya sinki, maji yakadondoka tone kwa tone. Kisha chumvi, kisha rafuni, na kazi ya kugeuza mabonge kila siku kama mtu anayegeuza wagonjwa kitandani. Hakuwahi kusema anapenda kazi ile. Lakini mtu akishika bonge lake kwa mkono mmoja, alimpa jicho.

Mikoa ilianza kwa bahati mbaya. Siku moja Wifi alisahau mabonge kadhaa kwenye rafu ya dirishani. Upepo ukayapiga, yakakauka, yakafanya ganda gumu la njano. Kinyozi akayapeleka kwa mkewe hivyo hivyo. Mteja wa kwanza siku hiyo alikuwa Daktari wa Meno, mama mpole mwenye kliniki yake ng'ambo ya barabara, ambaye aliitazama ile jibini kama anavyotazama jino lenye mashaka, akauliza imepatwa na nini. Mama Ramani hakupepesa macho. Akasema hii ni ya mlimani, huko juu baridi ni kali na wanaikausha kwa upepo. Daktari akaonja, akafumba macho, akanunua bonge zima.

Baada ya hapo mambo yalijiendea yenyewe. Bonge likiangukia majivu ya jiko, ni ya jangwani. Lile lililokaa rafu ya chini karibu na sinki, likabaki laini na kutanuka kama mtu aliyeshiba, ni ya bondeni. Na siku vitambaa vilipokuwa vimelowa vyote, Wifi akafunga jibini kwa majani ya mti wa uwanjani na kuiweka ndani ya sanduku la mbao, Mama Ramani alipoiona tu alishusha pumzi ya furaha na kuchora duara la nne. Watu walipozizoea na kuzidai, ilibidi Wifi azitengeneze kwa kukusudia. Kinyozi alimpelekea maombi: wifi yako anataka za dirishani zaidi, majivu usipunguze. Yeye akatengeneza, na kila wiki zilizidi kuwa nzuri, maana hakujua kufanya kitu ovyo hata kama hakukipenda.

Wateja nao wakagawanyika makundi. Watu wa Mlimani waliwaona watu wa Bondeni kuwa ni walaini wa tabia. Watu wa Bondeni walisema wale wengine wanatafuna viatu. Mabishano yaliyoanzia kwenye kaunta ya mke yalimalizikia kwenye kiti cha mume, na Kinyozi, ambaye alijua fika ukweli wote, alitikisa kichwa kwa uzito na kuwapa haki wote kwa zamu.

Aliyeyapamba zaidi mambo haya alikuwa mwanamume mmoja mstaafu waliyemwita Bwana Reli. Alikuwa mkata tiketi wa treni maisha yake yote, mjane, suruali imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia mkate. Kwa kuwa aliwahi kusafiri kila upande, hakutaka kuonekana kuna upande asioujua. Mama Ramani alipotaja jangwa, yeye akasema aliwahi kushuka huko, akala jibini hii hii chini ya hema, ingawa ya zamani ilikuwa na majivu mengi zaidi. Mama Ramani alimtazama kwa heshima mpya. Tangu awe na ulimi hakuwahi kukutana na mtu aliyemtilia chumvi kwenye uongo wake mwenyewe. Na hakuweza kumkanusha. Angemkanusha vipi?

Kilichoharibu udugu ni bibi mmoja asiye na meno.

Siku hiyo Kinyozi alikuwa anaumwa na tumbo, kwa hiyo Wifi alileta jibini mwenyewe. Akaja na aproni yake na mabuti ya mpira, akasimama pembeni ya kaunta na ndoo yake, akingoja foleni ipungue. Daktari wa Meno alikuwa mbele, na aliuliza kwa upole ni nani hasa anayetengeneza hii ya mlimani, maana ana mikono ya dhahabu. Mama Ramani alikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Ukweli wenyewe ulikuwa umesimama hatua chache, umeshika ndoo. Lakini mdomo ulikuwa umeshaondoka kituoni.

"Kuna bibi mmoja huko juu," alisema. "Mzee kweli kweli. Hana hata jino moja, maskini, lakini mikono yake bado."

Wifi, mwenye meno yake yote na mazuri, aliweka ndoo chini, akageuka, akaondoka. Tangu siku hiyo hakumsemesha tena mke wa kaka yake. Chakula cha Jumapili walikula pamoja kama kawaida nyumbani kwa Mama Mkwe, lakini maneno yote yalipita kwa Kinyozi. Mwambie mkeo za leo asiziweke juani. Mwambie dada yako jua silikodishi mimi. Kinyozi, katikati, mdomo umejaa, alirudia kila neno kwa uaminifu, ingawa wawili hao walikuwa wanapitishiana bakuli la mboga. Mama Mkwe, ambaye ndiye hasa hakuwa na meno, alicheka kimya kimya akilowesha mkate wake kwenye mchuzi.

Mama Ramani alijua amekosea. Hilo lilimkera zaidi kuliko kununiwa. Mara kadhaa alipanga la kusema, lakini kila alipolipanga lilitoka na mapambo, na alijua Wifi hapendi mapambo. Basi akaliacha.

Ikawa siku moja Daktari wa Meno akaja na sura ya mtu aliyekaa na jambo moyoni. Akasema hajalala vizuri kwa ajili ya yule bibi wa mlimani. Mtu anayelisha mji mzima jibini, halafu mwenyewe hawezi kutafuna. Ameamua kumtengenezea meno, seti kamili, bure. Anachohitaji ni kumpima mdomo tu.

Mama Ramani akacheka kwa adabu, akasema bibi hashuki mlimani kirahisi. Lakini mnoa visu alikuwa anasikiliza, na kufikia saa ya kufunga soko habari ilikuwa imemfikia Meneja wa soko, kijana mwenye tai fupi na mawazo marefu. Meneja alikuwa anaandaa maonyesho ya vyakula pale ukumbini. Akaja mbio. Kwa nini wasilete watengenezaji wote wanne, kila mkoa na meza yake? Daktari atampima bibi mbele ya watu, itakuwa jambo la huruma, na soko litapata sifa.

"Hakuna shida," alisema Mama Ramani, na aliposikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo alitamani kujifunga mdomo kwa kitambaa cha kuchujia.

Usiku huo hakula. Kesho yake, Jumapili, alimwaga kila kitu mezani kwa Mama Mkwe, akimtazama mumewe ili maneno yawe yanapita njia yake ya kawaida. Anahitaji watu wanne. Kinyozi alijitolea kwa jangwa kabla hajamaliza kuombwa. Mama Mkwe aliuliza kama hayo meno ni ya bure kweli kweli. Alipoambiwa ndiyo, akafuta midomo, akasema yeye ndiye bibi wa mlimani, tena anashangaa kwa nini hawakumwambia mapema. Msituni Mama Ramani alisema atasimama mwenyewe, kwa niaba ya mtu aliyeugua ghafla. Likabaki bonde. Wote wakamgeukia Wifi.

Wifi aliendelea kutafuna, akameza, akamwambia kaka yake: "Mwambie mkeo nitakuja."

Alikubali upesi mno, na mtu mwenye akili zilizotulia angeliona hilo. Mama Ramani hakuwa na akili zilizotulia.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Meza nne zilipangwa mstari mmoja, zimefunikwa vitambaa vyeupe, na juu ya kila moja kibao. Mama Mkwe alikaa kwenye ya kwanza, amejitanda shuka zito ingawa kulikuwa na joto, ana furaha kama bibi harusi. Wifi alisimama kwenye ya bonde na aproni yake ile ile ya jikoni, mabuti yale yale. Kinyozi alikuja na miwani ya jua na begi la safari begani, ili aonekane mtu aliyetoka mbali. Kosa lao lilikuwa kusahau kwamba hakuna mwanamume katika mji ule ambaye hakuwahi kukaa kwenye kiti chake. Wa kwanza kufika alimsalimu kwa jina la kazi na kumuuliza anafanya nini jangwani.

"Niko likizo," alisema Kinyozi.

Wa pili alimuuliza hivyo hivyo, naye akamwambia ni mambo ya ukoo. Wa tatu aliambiwa jangwa lina uhaba wa vinyozi. Watu walicheka, wakadhani ni mzaha wa Meneja, wakaonja jibini ya majivu na kusonga mbele. Mama Ramani, pale kwenye meza ya msitu, alianza kuamini kwamba siku itapita.

Halafu akaja Daktari wa Meno na kibegi chake. Akapiga goti mbele ya Mama Mkwe, akamshika mikono. Watu wakasogea. Alimwomba afungue mdomo, akampima kwa nta, taratibu, kwa upole ambao ulimfanya Mama Ramani atake kuingia chini ya meza. Alipomaliza, akamuuliza maisha ya huko juu yakoje.

Mama Mkwe alikuwa amengoja swali hilo wiki nzima. Alisema huko juu ukungu ni mzito hata mtu haoni mkono wake. Mbuzi wanakamuliwa kwa kupapasa. Chui wanapita nje usiku na yeye huwafukuza kwa ufagio. "Siku moja," alisema, "ukungu ulizidi, nikakaa nikakamua, nikakamua, nikashangaa maziwa hayatoki. Kumbe nimemshika beberu."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Bwana Reli, kwenye mstari wa mbele, aliinua kidole akasema anamkumbuka beberu huyo. Yeye mwenyewe aliwahi kulala nyumbani kwa bibi huyu alipokuwa kijana, akakaribishwa vizuri mno. Mama Mkwe alimkazia macho kidogo, kisha akasema ndiyo, amekuwa mtu mzima sasa. Wakapeana mikono kama watu waliopoteana siku nyingi.

Hapo ndipo Wifi alipoweka kisu mezani. Hakukibamiza. Alikiweka tu, lakini sauti yake ilisikika.

"Mama," alisema, "lini umekamua mbuzi wewe? Mbuzi unawaogopa. Wakitoka uwanjani unapanda juu ya kiti."

Mama Mkwe akavuta shuka lake. Wote wakageuka. Wifi hakuzoea kuzungumza mbele ya watu, na sauti ilianza chini, lakini haikutetemeka. Alisema yeye mlimani hajawahi kufika. Bondeni pia hajafika, jangwa halijui, na msitu anaoujua ni mti mmoja wa uwanjani kwake. Jibini hizi zote amezitengeneza yeye, nyuma ya karakana ya mabati, kwa mbuzi wale wale na maziwa yale yale. Mlima ni rafu ya dirishani. Jangwa ni rafu ya kando ya moto, penye majivu. Bonde ni rafu ya chini, karibu na sinki. Msitu ni sanduku.

"Nawasikia watu wanausifu mlima," alisema. "Tangu nifike hapa leo, mlima, mlima. Mlima haujawahi kuamka asubuhi kukamua mbuzi."

Kikohozi cha mnoa visu kilisikika mpaka mlangoni. Meneja alilegeza tai yake. Kisha, kwa kuwa watu lazima wamtazame mtu, wakamtazama Bwana Reli, aliyekula jibini ya jangwa chini ya hema na kulala kwa bibi wa mlimani. Alisimama wima, akanyoosha suruali yake.

"Mimi," alisema, "nilikula ya mlima mwingine."

Kicheko kingine kikapita, lakini hiki hakikumfikia Daktari wa Meno. Alikuwa bado amepiga goti, ameshika ile nta yenye umbo la fizi za Mama Mkwe. Akainuka taratibu, akamwendea Mama Ramani, akamuuliza ni kwa nini. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Mama Ramani alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu duka la vitambaa hakukuta kitu. Alimtazama mumewe. Kinyozi alivua miwani ya jua na kuitazama miguu yake. Kwa hiyo mwanamke huyo akatoka nyuma ya meza ya msitu, akatembea mpaka kwenye ile ya bonde, akasimama mbele ya wifi yake.

"Niliona aibu," alisema. "Niliwaza, nikisema inatoka nyuma ya karakana ya mabati, nani atainunua?"

"Mimi ndiyo natoka nyuma ya karakana ya mabati," alisema Wifi.

"Najua."

"Basi ulinionea aibu mimi."

Mama Ramani alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa tayari, limevaa vizuri. Akalimeza. "Ndiyo," alisema. "Nisamehe, wifi yangu."

Wifi hakumkumbatia, hakuwa mtu wa hayo. Alichofanya ni kumpa ubao wa kukatia na kumwambia akalete yale mabonge mengine matatu, na ashike kwa mikono miwili. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kumwambia, na ilimjia moja kwa moja bila kupitia kwa Kinyozi. Wakazipanga zote nne kwenye meza moja. Wifi akakata, na kila kipande alichompa mtu alimwambia kimelala rafu gani, kimegeuzwa vipi, na kama kuna kasoro aliitaja. Watu walikula. Ya dirishani ilikuwa bado ngumu na yenye ukali wake, ya sinki ilikuwa bado inayeyuka ulimini, na makundi mawili ya zamani yalianza kubishana upya kabla hata sahani haijarudi.

Si wote waliosamehe. Mwalimu mmoja mstaafu wa jiografia, aliyewahi kuwaambia wajukuu zake kuhusu upepo wa mlimani, hakuonekana tena kwenye kaunta. Meneja alimwita Mama Ramani ofisini akamwambia maneno ambayo mama huyo hakuyarudia kwa mtu, jambo lisilo kawaida yake. Daktari wa Meno alinunua jibini kwa siri, kwa kumtuma mpokezi wake wa kliniki, mpaka alipoona hasira inamchosha. Meno ya Mama Mkwe, hata hivyo, aliyatengeneza. Alisema ameahidi, na zaidi ya hayo, fizi alizopima hazikumdanganya. Siku alipoyavaa, Mama Mkwe alitembea soko zima akitabasamu hata kwa wauza mayai, ambao alikuwa na ugomvi nao wa zamani.

Ramani ilishushwa. Kinyozi, ambaye alidai kuwa anajua kuchora, alichora jiko la dada yake kwenye karatasi kubwa: dirisha, rafu tatu, sinki, sanduku, na mbuzi mmoja aliyefanana sana na Meneja. Watu wakaanza kuagiza za dirishani, za majivu, za sinki, za sanduku. Wengine wakataka kuliona jiko lenyewe, na Wifi, baada ya kukataa mara nyingi, akakubali siku moja ya juma, kwa masharti: wafute viatu, wasiguse, wasiulize majina ya mbuzi.

Wakajaribu pia kubadilishana nafasi. Wifi alishika kaunta asubuhi moja na nusu ya wateja wakaondoka mikono mitupu, maana kila aliyetaka kununua aliambiwa ya leo haijakomaa, aje Alhamisi. Upande wa pili, Mama Ramani aliachiwa maziwa, akayasimulia hadithi mpaka yakachemka na kumwagika. Kila mmoja akarudi kwake. Lakini sasa jioni Mama Ramani hupita nyuma ya karakana kusaidia kugeuza mabonge, na wakati wa kugeuza huwa hasemi chochote. Wifi amemwambia jibini inahitaji utulivu. Kama ni kweli, hakuna anayejua. Inawezekana Wifi naye amejifunza kitu.

Jambo ambalo sasa linamtesa Mama Ramani ni lingine kabisa. Bwana Reli alikuja na kundi la kwanza la wageni kuliona jiko, akafuta viatu vyake kwa muda mrefu kuliko wote. Wiki iliyofuata alikuja tena, kuhakikisha, alisema, jambo moja kuhusu rafu. Baadaye akaacha kutoa sababu. Asubuhi sasa anaonekana amekunja suruali yenye pasi, amebeba ndoo mbili, akiwasimulia mbuzi safari zake, na Wifi, mwanamke wa maneno machache, humwambia hapa unaongopa, endelea. Hakuna aliyesema lolote. Mama Mkwe amemkamata mkwe wake mkono na kumwonya kwamba akifungua mdomo sokoni kabla ya mwenyewe kusema, atamng'ata, na sasa ana vya kung'atia.

Kwa hiyo Mama Ramani anakata jibini na kufunga jibini, mashavu yamemjaa kama mtu aliyeficha maji mdomoni. Nyumbani Kinyozi anasimama mbele ya kioo, amekunja uso, akijizoeza kuwa kaka mkali atakayeletewa posa ya dada yake. Kila akifika pale pa kuuliza kijana una nia gani, anakumbuka kuwa kijana mwenyewe anamzidi umri kwa mbali na ni yeye anayemnyoa mvi kila mwezi, anacheka, na inabidi aanze upya.